Nimetoka Nansio leo. Hivi Kitereza na Kezilahabi walitukosea nini?

#1 Kijana wa Mabatini (mleta uzi)

Wakuu, mwadila. Wasimamizi, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa majina ya barabara. Ule ni wa hasira, huu ni wa mshangao.

Leo nimerudi na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilikwenda msibani upande wa mama, siku tatu. Kwenye meli nimekaa na kijana wa kidato cha nne, kwao Kagunguli, mkoba umejaa michembe na samaki wakavu wa shangazi yake. Nikamuuliza, Kagunguli si ndiko alikoishi Kitereza? Akasema, "Yule mganga?" Nikamwambia hapana, mwandishi. Akafikiri kidogo. "Huyo sijamsikia kaka, labda alihama."

Labda alihama! Nilicheka, lakini kicheko kikakwama.

Tulipoanza kuikaribia Mwanza watu wakatoa simu kupiga picha Jiwe la Bismarck. Yule kijana naye akapiga. Nikamuuliza Bismarck ni nani. Hilo alilijua: mkubwa fulani wa Wajerumani. Sasa Bismarck hakuwahi kukanyaga hapa hata siku moja. Wajerumani walijenga boma Mwanza mwaka 1892, wakaona jiwe limekaa vizuri majini, wakampa mkubwa wao. Hata maji yenyewe ni hivyohivyo. Speke alifika ufukweni kwetu mwaka 1858, akakuta watu wanavua, wanaoga, wanavushana, akaandika jina la malkia wake. Waganda wanasema Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, sisi Nyanza. Kwenye ramani hakuna hata moja.

Wageni tuwaache. Tuliposhika kalamu wenyewe tukaandika nini? Kule Kigongo na Busisi daraja lina jina la Magufuli. Sina ugomvi nalo, nimekaa foleni ya kivuko pale mpaka maziwa ya mtoto yakaganda. Bandarini kuna meli ya kubeba abiria 1,200, iliyopewa jina la MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Yaani kaulimbiu ya kampeni imepewa injini na nanga.

Sasa turudi kisiwani. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, ukoo wa watawala. Akasoma seminari, Kilatini alikijua, akawasaidia wamisionari kazi ya lugha. Halafu akakaa chini akaandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1945, wakuu. Wengi wa mnaowasoma kwenye mitihani walikuwa hawajaanza shule. Mchapishaji wa kuchapa Kikerewe hakupatikana. Mzee akaumwa viungo, vidole vikakakamaa, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili yote. Ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, baada ya miaka 35. Nakala zilichapwa China, na zilipofika nchini mzee alikuwa keshafariki, mwaka 1981. Hakukishika.

Na kisiwa hichohicho, kijiji cha Namagondo, mwaka 1944 anazaliwa mwandishi mwingine, Euphrase Kezilahabi. Kisiwa hichohicho anatoka Gabriel Ruhumbika, ambaye ndiye aliyekuja kukifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Watu watatu, kisiwa kimoja ambacho ukipanda bodaboda asubuhi jioni umekimaliza. Mimi sijawahi kupita barabara yenye jina la yeyote kati yao hapa mjini. Kama ipo nielekezeni, nitaenda kwa miguu.

Hoja yangu ni hii. Jina la mtu haliwi kubwa kwa kazi yake. Linakuwa kubwa likipata wa kulibeba: serikali, lugha ya wakubwa, zawadi ya Wazungu. Kitereza alikosa wa kumbeba, na alipompata alikuwa kaburini. Nakosea wapi?

#2 Jiwe Pembeni

Mkuu, huyo Kezilahabi alichezea Pamba au Toto?

#3 Kijana wa Mabatini

Nilijua wewe utakuwa wa kwanza.

#4 Mwalimu Mstaafu

Mwanangu mleta mada, pole na msiba. Nimefundisha Kiswahili shule za kanda hii kwa miaka mingi, nami naomba nikupinge kidogo.

Kezilahabi hakukosa wa kumbeba. Alibebwa na waliomkataza. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na haikukaa sana ikaondolewa mashuleni kwa sababu ya mambo ya wasichana na wanaume wakubwa yaliyoelezwa wazi mno. Basi tangu siku hiyo kila mwanafunzi akaitaka! Nilikuta nakala moja bwenini, imevalishwa jalada la kitabu cha jiografia, kurasa zimelainika kama noti ya zamani. Nilipaswa kuipeleka kwa mkuu wa shule. Niliipeleka nyumbani, nikaisoma usiku mmoja, asubuhi nikairudisha chini ya godoro nilipoitoa. Miaka ikapita, kitabu hichohicho kikaletwa na wizara kuwa cha kufundishia. Nikakifundisha. Sasa wanafunzi wakawa wanasinzia.

Kwa hiyo mamlaka ina mikono miwili. Ule unaobandika jina kwenye daraja sio unaofanya kitabu kisomwe.

#5 Ng'wana Kwimba

Mleta uzi umeongea vizuri ila umeongea kama mtu wa karatasi. Huku kwetu jina halikungoja kiwanda cha kuchapa.

Nenda Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, mwezi wa sita, uwaone Bagika na Bagalu. Hivyo vyama viwili vya ngoma vinashindana tangu mababu, kila kimoja na dawa zake na mtunzi wake. Mtunzi tunamwita ningi. Ningi akitunga wimbo anajitaja mwenyewe humohumo ndani: mimi mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, nimewashinda wale. Anamtaja na mpinzani wake, anamsema mpaka ukoo. Msimu ukiisha wimbo unaimbwa kwenye pamba, unaimbwa nyuma ya ng'ombe. Hakuna wizara.

Kuna nani Usukuma asiyemjua Ng'wanamalundi? Mcheza ngoma na mganga, mpaka leo wazee wanasema akiusonta mti kwa kidole unakauka. Wajerumani walimfunga. Hana daraja, na mtoto wa Kwimba anamjua kabla hajajua a e i o u.

Shida ya Kitereza alikaa peke yake chumbani na daftari. Angeimba.

#6 Jiwe Pembeni

"Angeimba." Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kama naumwa.

#7 Mpwani wa Nyegezi

Naomba niingie kwa adabu, mimi ni mtu wa Tanga, maisha yamenileta Nyegezi.

Huyo Kezilahabi mnayemlilia, kwetu pwani jina lake lilikuwa kubwa sana. Kubwa kwa matusi. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wazee wetu walitaka kupasuka. Babu yangu alikuwa akitunga, gazeti likimchapa shairi analikata na kulitia kwenye fremu. Alisomewa moja la Kezilahabi. Akasikiliza lote kwa heshima, akauliza, "Hii barua kaandikiwa nani?"

Nilipokuwa kijana niliona babu ana haki. Sasa naona ugomvi haukuwa wa vina peke yake. Ulikuwa wa mwenye nyumba ni nani. Kiswahili kwetu ni cha kunyonya, ziwani ni cha kujifunza shuleni, halafu anatoka mtoto wa Mkerewe huko bara anasema shairi linaweza kuandikwa kwa maneno ya kila siku, kama watu wanavyozungumza. Kwa babu ilikuwa kama mgeni kakaribishwa chai, kaanza kupanga upya viti.

Leo wanafunzi wanasoma mashairi huru na ya arudhi kwenye mtihani mmoja, hakuna anayekufa. Babu keshalala. Fremu ninayo mimi.

#8 Kijana wa Mabatini

Mpwani, hiyo ya viti nimeiweka mfukoni.

Lakini ona, hata hapo ninyi mmenipa hoja. Mwalimu anasema alibebwa na katazo. Mpwani anasema alibebwa na matusi ya pwani. Katazo linatoka wizarani, matusi yanatoka kwa wenye lugha. Kote huko ni wakubwa. Ng'wana Kwimba peke yake ndiye kanikamata, na nakubali: ningi hahitaji mtu. Ila nikuulize ndugu yangu, wimbo wa ningi wa mwaka 1945 leo unaimbwa na nani? Daftari la Kitereza la mwaka huo tunaligombania hapa.

#9 Ng'wana Kwimba

Mnaligombania watu saba. Ngoma yetu inajaza uwanja.

#10 Mama Dagaa

Hamjambo wanangu. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, nawasoma kati ya mteja na mteja, msinione nimechelewa.

Rosa Mistika niliisoma kidato cha tatu. Ninyi wanaume mnakumbuka kilikatazwa. Mimi nakumbuka Zakaria, baba yake Rosa, alivyoikuta barua ya mvulana akampiga binti yake mpaka mtu unafunga kitabu. Baba yangu alikuwa Zakaria. Pombe ileile, fimbo ileile, na mama yetu kama Regina, anapika huku analia bila sauti. Nilikuwa sijawahi kudhani mambo ya nyumbani kwetu yanaweza kuandikwa. Nilidhani vitabuni wanakaa watu wa maana tu. Nikawaza, huyu mwandishi alichungulia dirisha lipi?

Sasa hilo la jina. Hapa mwaloni nina miaka 19. Wanunuzi wa Kongo wananijua, wa Burundi wananijua, wapakiaji wananijua. Jina langu hawalijui. Ni Mama fulani, kwa mtoto wa kwanza. Siku moja polisi walikuja kuniulizia kwa jina la kitambulisho, mambo ya shahidi tu, soko zima likaapa halina mtu huyo. Nilikuwa nimesimama mbele yao na beseni.

Ndiyo maana kile kitabu cha Kitereza nakipendea jalada. Marehemu mume wangu alikuwa Mkerewe, alikuwa nacho. Angalieni jina la kitabu: bwana yupo, bibi yupo kwa jina lake, mtoto wa kiume yupo, wa kike yupo. Bugonoka hakuitwa mke wa Myombekere. Na huyo ni mwanamke aliyekaa bila mtoto mpaka ndugu zake wakamchukua kwao, na mumewe akamfuata wakwe akagharamika pombe ya ndizi ili arudishiwe. Hakumwacha.

Na majina ya watoto mume wangu alinieleza. Ntulanalwo ni kama kusema niko nacho daima, maana yake kifo. Bulihwali, yataisha lini, yaani huzuni. Watu waliozika ndio wanaotoa majina hayo.

Mteja kaja.

#11 Mwalimu Mstaafu

Mama, shikamoo ya heshima, ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Nimefundisha kitabu kile mara ngapi sijui, na kuhusu hilo dirisha sikuwahi kuuliza.

#12 Jiwe Pembeni

Ngoja na mimi niache utani dakika mbili.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel, kijiweni kwetu Makoroboi tulibishana siku nzima. Wengine: Mtanzania mwenzetu! Wengine: mzaliwa wa Zanzibar lakini yuko Uingereza tangu ujana, anaandika Kiingereza, pasipoti ya huko, huyu wa kwao. Mpiga debe mmoja akauliza swali moja tu: "Nani hapa alikuwa anamjua jana?" Kimya. Mimi pia kimya, na nina digrii.

Mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili, Peponi. Ile ya Kiingereza ilichapwa mwaka 1994. Hesabuni wenyewe. Kitereza alitoka lugha ndogo akaja kwa Kiswahili ndipo akapata mchapishaji. Gurnah kaandika Kiingereza, Wasweden wakamwona, ndipo akaletwa kwa Kiswahili. Mmoja kapanda ngazi, mwingine kashuka, na sisi tuliwakuta wote wawili kwa kuchelewa.

Kwa hiyo mleta uzi, kwenye zawadi ya Wazungu nakuunga mkono. Kwenye mengine unalalamika tu kwa sababu umetoka msibani.

#13 Mpwani wa Nyegezi

Jiwe leo kaongea mpaka nimeangalia kama ni akaunti yake.

#14 Mwalimu Mstaafu

Kuna mtu mmoja wa ziwa hili hili hamjamtaja, naye ana yote matatu: nasaba, madaraka na kalamu. Ni Nyerere wa Butiama.

Mtoto wa mtemi wa Wazanaki. Kwao aliitwa Kambarage, Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Baadaye nchi ikampa la tatu, Mwalimu, likayameza yote mawili. Hakuna mtemi, hakuna rais, mwalimu basi. Mimi niliyelipwa mshahara wa jina hilo nawaambia ni cheo kidogo sana kwenye daftari la malipo, lakini yeye alikivaa kama joho.

Sasa huyu, akiwa Ikulu, mwaka 1963 anatoa tafsiri ya Shakespeare, ile tamthilia ya Julius Caesar. Fikirieni rais kijana, nchi haina hata miaka miwili ya uhuru, anakesha kutafuta maneno ya Kiswahili ya mtawala anayechomwa visu na rafiki zake, na mtawala mwenyewe wajina wake! Mwaka 1969 akatoa ya pili. Kwa Kiingereza anayetajwa kwenye jina la tamthilia ile ni mfanyabiashara mmoja wa Venice. Mwalimu akaandika Mabepari wa Venisi. Mabepari! Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Hakuna mfasiri mwingine angethubutu, na hakuna mhariri angemsahihisha.

Niliwahi kuwaambia wanafunzi: hapo ndipo mnaona madaraka yakiingia kwenye kamusi. Mmoja akanyoosha kidole, "Mwalimu, na sisi tukiandika hivyo kwenye fasihi tunapata alama?" Nikamwambia uwe rais kwanza.

Mwanangu wa Mabatini, hoja yako hapo inasimama. Kitereza alizaliwa ukoo wa watawala naye, ila utemi ule haukuwa na kiwanda cha kuchapa.

#15 Kijana wa Mabatini

Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya mabepari nimeishi miaka yote naiona ya kawaida kabisa.

Mama Dagaa, mimi nimekaa kimya tangu ulipoandika. Nilikuja kudai barabara, na barabara zenyewe tunaziita kwa daladala. Nani anasema yuko Makongoro Road? Anasema yuko pale kwa mama ntilie, mkabala na fundi saa. Marehemu wetu wa juzi tumemzika kwa jina la ubatizo ambalo nusu ya waombolezaji walikuwa hawalijui, mchungaji alilitaja watu wakageukiana kuuliza kama wako msiba sahihi.

#16 Fundi Igombe

Habari zenu. Mimi sijui fasihi. Naandika majina kwenye mitumbwi hapa Igombe, mwaka wa kumi na moja huu.

Kuhusu umaarufu nina machache. Wateja wanaleta majina ya wachezaji, ya Mungu, mafumbo ya kuwasema majirani. Kipindi cha uchaguzi wanaleta ya wagombea. Uchaguzi ukipita wanarudi nikwangue. Yule akitumbuliwa, nakwangua. Akihama chama, nakwangua. Kuna mtumbwi mmoja ubavu umebaki mwembamba kwa msasa, nilimwambia mwenyewe aandike jina la mama yake apumzike. La mama sijawahi kukwangua.

Sasa huu uzi umenishtua. Mzee mmoja wa Ukerewe aliniletea mtumbwi wa dagaa, akataka niandike BULIHWALI. Niliandika bila H, akasimama mpaka nimeirekebisha. Nilidhani ni jina la mkewe. Nikamuuliza bibi hajambo? Akaniangalia tu.

#17 Mama Dagaa

Mzee huyo mwembamba, anavaa kofia ya sufu hata jua la saa nane?

#18 Fundi Igombe

Ndiye.

#19 Mama Dagaa

Dagaa wake nanunua mimi. Miaka. Sijawahi kuuangalia huo mtumbwi ubavuni, naangalia dagaa.

#20 Kijana wa Mabatini

Fundi, mtumbwi bado upo?

#21 Fundi Igombe

Upo, giza likiwa nene unatoka kila usiku. Rangi imechakaa, mwezi ukiwa mkubwa wasipovua atauleta nipake upya. Natoza kwa herufi. Hilo lina tisa.

#22 Kijana wa Mabatini

Kitereza lina nane. Nikilipa mimi, linaweza kukaa ubavu wa pili?

#23 Fundi Igombe

Ubavu si wangu mkuu. Njoo umuulize mwenye mtumbwi. Uje asubuhi, mchana analala.

#24 Jiwe Pembeni

Na mimi nakuja. H nitaishika mimi isidondoke.